Bado kuna mwenye kompyuta ya mezani nyumbani? Yangu imezeeka, na mke wangu anaitaka meza

BabaMalaba
Jumamosi, saa 2:40 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Nina swali la mtu mzima, msinicheke.

Hapa Uganda kuna watu ambao bado wana kompyuta ya mezani nyumbani? Sisemi ofisini wala kwenye duka la kuchapisha. Nasema nyumbani, sebuleni, karibu na televisheni, na mtu anaikalia kila siku. Kama mpo, zenu zinafanya kazi vipi? Maana yangu imenishinda.

Niko Malaba, upande wetu huu. Nimefanya uwakala wa forodha, ile kazi watu wanaita kliaringi, miaka 22, sasa nimepumzika. Kompyuta ni Dell OptiPlex 780, sanduku jeusi zito. Niliinunua mtumba Kampala mwaka 2014, shilingi 650,000 pamoja na skrini ya inchi 17, wakati kijana wangu anaingia Senior 5, kidato cha tano, na kuchukua Sub-ICT, somo la kompyuta. Prosesa, yaani ubongo wake, ni Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu yake ya kazi) GB 2, diski GB 160, Windows 7. Kijana alimaliza, akaenda zake, mimi nikabaki na mashine. Natunza humo hesabu za vyumba vyangu vya kupangisha, naandika barua za mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la kijiji (ana mhuri, hana kompyuta), na picha zote za familia ziko humo.

Sasa sikilizeni. Asubuhi nawasha, natoka nje kuwapa kuku maji, narudi, kile kiduara bado kinazunguka. Juzi nikaamua kupima kwa saa ya simu: toka nibonyeze swichi mpaka faili ya wapangaji ifunguke, dakika 7 na sekunde 20. Wapangaji wenyewe ni sita! Enzi zetu lori la mahindi lingeshavuka daraja likafika kwa majirani. Intaneti ndiyo usiseme. Brauza inaniambia imepitwa na wakati, na nikijaribu kuisasisha inaniambia Windows yangu ndiyo imepitwa na wakati. Kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Mke wangu anashona gomesi, yale magauni ya kitamaduni ya akina mama. Cherehani iko barazani, mvua ikianza anaikimbiza ndani kama anaokoa mtoto. Macho yake yako kwenye meza yangu. Kila asubuhi ananiuliza mazishi ya huyo marehemu ni lini. Binti yangu aliye Kampala anasema niuze kwa watu wa vyuma chakavu, yeye atanitumia laptopu. Laptopu nimeitumia kazini, naijua. Lakini mimi nina vidole vya mtu aliyepakua magunia ujanani. Kibodi yangu kubwa naiweza gizani, skrini iko usawa wa macho, shingo hainiumi.

Basi mnishauri. Kuna dawa, au tuzike?

---

KijanaWaStegi
Jumamosi, saa 3:05 usiku

Mzee, zika. Simu yangu ya boda ina RAM GB 8, hilo sanduku lako lina 2. Kila kitu nafanya kwa simu: pesa, ramani, mechi, hata fomu za serikali. Nyumbani kwetu hakuna kompyuta na hakuna aliyekufa. Mpe mama meza yake.

---

BabaMalaba
Jumamosi, saa 3:20 usiku

Kijana, andika kwa hiyo simu barua ya kurasa nne ya mgogoro wa mpaka wa shamba, uweke na jedwali la nani alipanda mti gani mwaka gani. Ukimaliza uje tuongee.

---

DadaFundi
Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Mzee wangu, habari ya Malaba. Usizike bado, huyo hajafa, anasongwa tu.

Mimi ni fundi hapa katikati ya Kampala, mwaka wa tisa sasa, na kila wiki napokea mashine kama yako. Si moja wala mbili. Kwa hiyo swali lako la kwanza nakujibu hivi: watu wanazo, tena nyingi, ila hakuna anayezipiga picha aweke kwenye status.

Kuhusu dakika 7. Angalia kitaa kidogo cha diski mbele ya sanduku. Ukiwasha, kinawaka moja kwa moja bila kupepesa? Kama ndivyo, mgonjwa wako ni diski. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia juu yake kutafuta vipande vya faili. Wewe ulikuwa forodha, unaijua hali hii: karani mmoja, kabati moja, na mawakala hamsini dirishani kila mmoja anataka faili yake sasa hivi. Prosesa yako si mbaya, imekaa tu inamsubiri karani. Na RAM ya GB 2 ikijaa, Windows inaanza kutumia diski hiyohiyo kama RAM ya akiba. Karani yuleyule anaongezewa kazi ya pili.

Dawa ni SSD, diski ya kisasa ya chipu. Haina sahani wala mkono, haikimbii popote. Mazabodi yako, ule ubao mkuu wa ndani, ni ya zamani, njia yake ya diski ni ile ya SATA ya pili, kwa hiyo SSD inayoweza kusoma MB 500 kwa sekunde kwako itaishia kama nusu yake. Usijali. Kinachokutesa si mwendo wa moja kwa moja, ni zile safari ndogondogo elfu za yule karani, na hizo zinakwisha. Ya GB 240 mimi nauza 95,000. Ongeza vijiti viwili vya RAM ya DDR3 vya GB 4, mtumba, 25,000 kimoja. Usimruhusu mtu akuuzie DDR4, hata mdomo wake hauingii.

Windows: hiyo 7 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ilikuwa toleo la 109. Ndiyo maana brauza na Windows wanasukumiana. Kuna mtu atakuja kukuambia akuwekee Windows 10. Nayo huduma yake ya kawaida ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mwingine atakuambia ana njia ya panya ya kuweka Windows 11. Mkatalie. Kuanzia toleo la 24H2 inadai amri ya prosesa inayoitwa POPCNT, na Core 2 Duo haikuzaliwa nayo. Haitawaka kabisa, hata ukiisomea dua. Kwako mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa kuchukua nafasi ya Windows, ile ya XFCE iliyo nyepesi. Ni bure, haina leseni ya kuiba, na inakuja na LibreOffice, programu za ofisi, ambayo inafungua faili zako za Excel.

Sasa nisikudanganye. Mashine hii ni ya barua, hesabu, barua pepe, kusoma habari na kuchapisha. YouTube iache kwenye ubora wa picha wa 480, ukipandisha 1080 itakatika-katika, kwa sababu video za siku hizi zimefungwa kwa namna ambayo chipu yake ya picha haiijui, kwa hiyo mzigo wote unamwangukia prosesa. Mkutano wa video na wajukuu, utapata, ila usifungue kitu kingine. Ukitaka zaidi ya hapo ongeza pesa uchukue kompyuta yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, mezani kwangu ni 380,000 bila skrini.

Kabla hujagusa chochote, nakili picha na hesabu zako kwenye flashi. Leo. Diski ya umri huo ikianza kupiga tik tik haikupi notisi.

Na neno moja la kukuogopesha kidogo, kwa kuwa mimi liliniumiza. Nikiwa mwanafunzi wa kazi, mteja alileta sanduku lililotoka Marekani. Nyuma ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoingiza umeme, kulikuwa na swichi nyekundu ndogo, imeelekezwa volti 115. Sikuitazama. Nikachomeka kwenye 240 yetu. Paa! Moshi, harufu kama ya samaki aliyeoza, na bosi wangu akaniangalia tu bila kusema neno. Nililipa pawasaplai kwa mshahara wa wiki mbili. Nyingi za Dell hujirekebisha zenyewe, lakini ukiona swichi nyekundu, soma kwanza.

Mwisho, niambie: hilo sanduku umelifunika kitambaa?

---

BabaMalaba
Jumapili, saa 2:00 asubuhi

Binti yangu, umejuaje kuhusu kitambaa? Kimefumwa na mke wangu, cheupe, kina maua. Kinafika mpaka chini.

---

DadaFundi
Jumapili, saa 2:04 asubuhi

Banange. Kiondoe, mzee. Umemvalisha mtu blanketi halafu unamtuma akimbie. Prosesa ikipata joto sana inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue.

---

MamaChapa
Jumapili, saa 7:30 mchana

Mimi nimecheka hapo kwa kitambaa, kwa sababu changu nilikitoa mwaka jana tu.

Mzee, mimi niko Kikoni, karibu na Makerere. Sebuleni kwangu kuna kompyuta mbili za mezani na printa moja. Hapo ndipo watoto wangu walipata ada. Nachapa kazi za wanafunzi, zile tasnifu wanazokumbuka ikibaki wiki moja. Nilianzia Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, kwa watu wa kadi za harusi, na ukitaka kujua kama kompyuta ya mezani imekufa, pita pale siku yoyote ya kazi. Zinawashwa alfajiri, zinazimwa usiku, na wengine hawajui hata kifuniko cha pembeni kilipo, kilishatolewa zamani ili feni ipumue.

Nitakuambia kwa nini sihamii laptopu. Mwaka juzi mpwa wangu alimwaga chai ya maziwa juu ya laptopu yake ya chuo. Ikazima, haikurudi, na fundi alimtajia bei ikabidi akae chini. Wiki hiyohiyo mtoto wangu alimwaga chai ileile juu ya kibodi yangu. Nilitembea mpaka barabarani, nikanunua nyingine 15,000, jioni nilikuwa kazini. Kitu cha mezani kinavunjika kwa vipande. Skrini ikifa unabadilisha skrini. Na mwizi pia: aliingia kwetu akabeba simu mbili, redio na sufuria yenye nyama. Sanduku aliligusa, nadhani alilipima uzito, akaliacha.

Halafu huyo kijana wa stegi nimkumbushe Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku kadhaa. Simu zote zilikuwa tochi. Mimi nilichapa kurasa 140 za kijana mmoja wa kilimo bila kujua dunia imenyamaza, kwa sababu kazi yangu haihitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Aliniletea kwa flashi, akachukua kwa flashi.

Lakini hapo kwa dakika saba, hapana, mimi ningeshaipiga teke. Yangu ni i3 yenye SSD, inawaka kabla sijavuta kiti.

Mama gomesi naye ana haki. Mnunulie meza, mzee!

---

MwalimuArua
Jumapili, saa 12:10 jioni

Wote mnaongea vizuri lakini hamjagusa umeme, na mimi ndiko ninakolia.

Nafundisha Arua. Nyumbani nilikuwa na sanduku kama la mzee, nikalipima kwa kile kifaa cha kuchomeka ukutani: pamoja na skrini lilikula wati 85. Laptopu yangu ya sasa inakula kama 25. Piga hesabu ya saa tano kwa siku. Sanduku ni karibu uniti 13 kwa mwezi, laptopu haifiki 4. Kwa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, uniti moja ikiwa zaidi ya shilingi 700, sanduku linakula karibu shilingi 9,000 kila mwezi na laptopu chini ya 3,000. Kwa mtu wa pensheni hiyo ni sabuni na sukari.

Na hiyo ni siku umeme upo. Miaka ambayo gridi ya taifa ilikuwa haijafika kwetu West Nile, niliendesha kwa sola. Inveta ya bei rahisi, betri ya gari. Sanduku lilimaliza betri kabla saa mbili hazijaisha, na inveta ilikuwa inalia kama mbuzi. Laptopu ina betri yake ndani, umeme ukikatika hata hujui.

Mzee atasema ana UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Ndani ya zile ndogo za 650 kuna betri ya volti 12 yenye Ah 7, nayo hufa baada ya miaka miwili au mitatu hata usipoitumia. Ikiwa mpya inakupa kama dakika 10 za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Ikiwa nzee inapiga pii mara moja na kuzima pamoja nawe. Ya kwako ina miaka mingapi?

Jambo dogo la kukaa karibu na Tororo: bwawa la Jinja lilifunguliwa 1954 na nyaya za kupeleka umeme Kenya zinapita huko kwenu. Umeme wa jirani unakupita kichwani, wewe unawasha mshumaa. Haya, hiyo si mada.

Simwambii azike. Nasema laptopu ya binti asiikatae. Aichukue, halafu achomeke hiyo kibodi yake kubwa na skrini yake kwenye laptopu. Vidole vitafurahi na Yaka itapumua.

---

BabaMalaba
Jumapili, saa 2:30 usiku

UPS ina miaka minane, mwalimu. Naona haya hata kuandika. Tangu lini sijui, kazi yake ni kushikilia mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Nimewasikia wote. Kitambaa nimekitoa. Mke wangu amekitundika kwenye televisheni, na amesema sasa tumebaki na hatua ya pili.

---

KijanaWaStegi
Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Nyinyi watu kumbe mko wengi. Swali tu: hiyo i5 ya 380,000 inacheza mpira? Namaanisha gemu.

---

DadaFundi
Jumatatu, saa 4:45 asubuhi

Ya zamani ya mpira, ndiyo. Ya mwaka huu, hapana, mpaka uongeze kadi ya picha na pawasaplai. Lakini wewe si una simu inayofanya kila kitu?

---

BabaMalaba
Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 10:00 jioni

Nimerudi na ripoti. Kaeni vizuri.

Nilianza na flashi kama nilivyoagizwa. Picha zilichukua siku nzima kunakiliwa, na usiku diski ikaanza ule mlio, tik, tik. Nilikaa mbele yake nimeshika mikono kama mtu aliye wadi. Zikamalizika zote. Kesho yake haikuwaka tena. Yaani ningechelewa siku moja, harusi ya kijana wangu ingebaki hadithi.

DadaFundi alinitumia SSD na vijiti viwili vya RAM kwa matatu ya kuja Busia, mtu wangu akaniletea kwa boda. Shilingi 145,000 na nauli 8,000.

Nilifungulia sanduku barazani juu ya mkeka. Jamani. Lile si vumbi, ni godoro. Vumbi letu la Malaba ni la udongo mwekundu limechanganyika na moshi wa malori, kwa hiyo linashikana. Kwenye kile chuma cha kupozea prosesa, kati ya mabati yake membamba, lilikuwa limejaa likawa kama kitambaa cha koti. Ningeweza kulivua zima. Feni ilikuwa inapuliza ukuta. Na nyuma ya diski, kwenye kona yenye joto, nikakuta mayai mawili meupe ya mjusi, maganda matupu, na mjusi mwenyewe amekauka, mkia umeshika waya wa rangi ya machungwa. Mjukuu wangu amemweka kwenye kiberiti, anamwonyesha kila mgeni.

Kwa vumbi nilikwenda kwa kijana wa matairi kwenye maegesho ya malori, ana kompresa. DadaFundi alikuwa amenionya kwa simu mambo mawili: kwanza nipulize hewa chini, kwa sababu kompresa hutema maji mwanzoni, na pili nishike feni kwa kidole isizunguke. Kijana wa matairi hakuelewa kwa nini ninamzuia. Yeye alitaka tuipulize kama tairi la trela! Tulipulizia mbali, kidogokidogo, na kulitoka wingu jekundu mpaka dereva mmoja akafunga kioo cha lori lake.

RAM mpya ilikataa mara ya kwanza. Mashine ikawaka lakini skrini giza, na vile vitaa vyenye namba mbele vikawaka viwili. Fundi akasema nitoe vijiti, nisugue zile sehemu za dhahabu kwa kifutio cha penseli cha mwanafunzi, nivirudishe mpaka visikike tak pande zote mbili. Nikaazima kifutio cha mjukuu. Nikasugua. Tak, tak. Ikawaka. Miaka 22 ya forodha sikuwahi kujua kifutio kinaweza kutibu kompyuta.

Kuweka Mint kulichukua nusu saa, binti yangu akiwa kwenye simu ananiongoza. Halafu nikachukua saa yangu ileile, faili ileile, wapangaji walewale sita. Sekunde 48. Nikazima, nikarudia, nikidhani nimekosea. Sekunde 46.

Sasa na mabaya niyaseme. Kwenye Excel nilikuwa na kitufe alichonitengenezea kijana mmoja wa ofisini, nikikibonyeza kinatoa risiti ya mpangaji. LibreOffice imefungua faili yote vizuri isipokuwa kitufe. Kinabonyezeka na hakuna kinachotokea. Risiti naandika kwa mkono kwanza. Printa nayo ilinisumbua mchana mzima mpaka binti akapata kitu cha kuongeza. Na video, kweli kama alivyosema, nikipandisha picha iwe safi inakwama, mdomo wa mhubiri unaenda na sauti inakuja baadaye. Nimebaki 480, mhubiri ana ukungu kidogo lakini anaeleweka.

Mwalimu, hesabu yako ya Yaka nimeikubali. Nawasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa moja jioni, basi. Zamani nilikuwa naiacha inawaka kutwa kwa kuogopa zile dakika saba. Kumbe uzembe wake ndio uliokuwa unakula uniti.

Meza. Mke wangu alikuja kuangalia, akakaa kwenye kiti changu, akaniambia nimwandikie vipimo vya wateja wake: kiuno, mabega, urefu, jina, ametoa kiasi gani, bado kiasi gani. Daftari lake lilikuwa limelowa mvua mara mbili. Nikamtengenezea jedwali. Ana watu 31 humo, na amegundua wanne hawajamlipa tangu Krismasi. Ila msidhani amenisamehe meza. Anasema sasa kuna sababu zaidi ya yeye kukaa hapo na mimi niende barazani.

Tatizo moja limebaki. Kila nikizima ukutani usiku, asubuhi saa ya kompyuta inasema ni mwaka 2009. Halafu tovuti karibu zote zinakataa kufunguka, zinasema usalama wa ukurasa una kasoro. Nikirekebisha tarehe zinafunguka. Hii ni nini tena?

---

DadaFundi
Jumapili, saa 10:25 jioni

Mzee, umenifurahisha mpaka nimewasomea wenzangu hapa mezani.

Hiyo ni betri ndogo ya saa, iko kwenye mazabodi, mviringo kama sarafu. Imekufa. Tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikidhani ni 2009 inaona cheti ambacho hakijazaliwa, inakataa. Namba ni CR2032, ileile ya rimoti za magari. Huko kwenye malori huwezi kuikosa, 3,000 hivi. Kuna kibano kidogo pembeni yake, kisukume kwa ukucha itaruka yenyewe.

---

BabaMalaba
Jumapili, saa 11:40 jioni

Nimeipata kwa fundi saa wa stendi, 2,500. Niko nimefungua sanduku sasa hivi. Ule upande wenye maandishi unatazama juu au chini?

---

DadaFundi
Jumapili, saa 11:42 jioni

Juu. Na chomoa waya wa umeme kwanza, mzee, usiniue na presha.

---

BabaMalaba
Jumapili, saa 11:43 jioni

Umeshachomolewa. Mama gomesi ameshachomeka pasi yake hapo.